Kaka kwa Kithai

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki tatu lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Jumapili ile, mjukuu wa bibi mwenye nyumba alipouliza maana ya neno moja la Kithai, aliuliza kuhusu Kithai au aliuliza kuhusu sisi?

Nilimjibu kwa maneno mawili. Maneno mawili hayana pembe nyingi za kuchunguza, lakini mimi ni mwanamume wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga, kisha nikiwa ndani ya treni naanza kujiuliza kama si ile mara ya tatu niliyoufungua. Nilijilaza na yale maneno mawili, nikayasikiliza kwa sauti yangu, kisha nikajaribu kuyasikiliza kwa masikio yake. Kila nilipokaribia kusinzia nilikumbuka jambo jingine. Alipouliza, alikuwa anatazama runinga au ananitazama mimi? Sikujua. Sikujua kwa sababu mimi nilikuwa natazama zulia.

Nilikuja Dubai na shahada ya Kiswahili na isimu kutoka chuo kikuu cha kwetu, Tanzania bara, nikapata kazi ya kuingiza hati za mizigo kwenye kompyuta katika kampuni ndogo ndani ya frizoni, eneo huru la biashara, la uwanja wa ndege. Shahada yenyewe hakuna aliyeiuliza. Mama alikuwa na rafiki yake Unguja, na rafiki huyo alikuwa na shangazi katika mtaa wa Rashidiya, mwanamke aliyefika huku tangu enzi ambazo, kwa maneno yake, "Dubai ilikuwa mchanga na mbuzi." Shangazi huyo, ambaye kila mtu alimwita Bibi, alinipa chumba cha uani. Katika nyumba kubwa aliishi yeye na mjukuu wake wa kiume, aliyenizidi miaka miwili. Wazazi wa mjukuu walikuwa Maskati.

Mjukuu alizaliwa Dubai. Kiarabu chake kilikuwa cha mtaani, Kiingereza chake cha ofisini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bibi, chote, bila kubakisha. Hakuwa hata na neno moja la vijana. Alikuwa akivaa raba nyeupe na miwani ya jua, kisha anafungua mdomo na kusema "Leo nnaona tabu ya kiuno" kama ajuza wa Ng'ambo ya Unguja. Nilicheka siku ya kwanza nilipomsikia. Akanitazama.

"Unacheka nini, we mtu wa bara?"

"Sicheki."

"Umecheka. Na Kiswahili chenu cha kubebea magunia."

Kuandika, hata hivyo, hakuweza. Hakuna shule iliyomfundisha. Meseji zake za Kiswahili zilikuja zimekatwakatwa, "nime chele wa" maneno matatu, na mimi nilizihifadhi zote.

Jumapili baada ya sala ya alasiri tulikaa sebuleni. Bibi alipenda tamthilia, lakini za Kituruki alikuwa amezichoka. "Wanalia kutwa, hawana kazi," alisema. Alichopenda ni mambo ya mashetani. Kwa hiyo siku moja mjukuu wake akaunganisha kompyuta na runinga, akasema amepata tamthilia ya Kithai, ina polisi, ina mizuka, Bibi ataipenda. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na Bibi Kiingereza hakisomi.

"Mwalimu," akaniambia, kwani ndivyo alivyopenda kunitania, "wewe si una digrii ya maneno? Kaa hapa utufasirie."

Nikakaa. Ndivyo nilivyopata kazi niliyoisomea.

Hadithi ilikuwa hivi. Katika kijiji kando ya mto, kila mwaka kijana mmoja wa kiume hukutwa amekufa chini ya mgomba uliofungwa vitambaa. Wanakijiji wanasema mwanamke anayeishi ndani ya mgomba ametwaa mume. Kutoka mji mkuu anakuja askari mpelelezi asiyeamini. Anamkuta mganga kijana, aliyeachiwa na nyanya yake kazi ya kuutunza ule mgomba, naye anaamini, tena anajua kwamba aliyemo mgombani hajaua mtu. Muuaji ni binadamu, anataka mashamba ya watu, na amejificha nyuma ya mzimu. Askari na mganga wanatafuta ukweli pamoja. Katika kutafuta, wanapendana.

Bibi alishikwa tangu dakika ya kwanza. "Kumbe na wao wana mzimu! Tazama vitambaa, vyekundu na vyeupe, kama kwetu. Na ubani? Hawafukizi?"

"Wanafukiza, Bibi. Vile vijiti."

"Vijiti! Mzimu gani unakubali vijiti?"

Upande wa uhalifu ulinifasirikia bila shida, na ule wa mizimu kwa raha kabisa. Maandishi ya Kiingereza yalitapatapa, neno moja kwa kila kitu kisichoonekana, wakati mimi nilikuwa na mzimu na mzuka, kafara na pungo, kupagawa na kupandisha. Bibi alinisahihisha nilipokosea. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege nilijiona mtu mwenye faida.

Mapenzi ndiyo yaliyonishinda. Kuna maneno ambayo hapa, kama kwetu, hayasemwi sebuleni. Katika sehemu ya nne mganga alimfunga askari uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono, akamwambia kwamba akimpoteza yeye hatakuwa na sababu ya kuutunza mgomba wala kitu kingine chochote duniani. Nikasema, "Anamwombea dua, Bibi."

"Dua ndefu hiyo."

"Ni ya kinga."

"Amin," akasema Bibi, na akapangusa macho.

Na pale sura zao ziliposogeleana, mjukuu alikuwa na rimoti. "Bibi, kahawa imekwisha?" angeuliza, na Bibi alipoinamia birika, picha ingeruka mbele dakika moja. Hatukuwahi kukubaliana jambo hilo, mimi na yeye. Hatukuwahi hata kulitaja. Tulilifanya kama watu wawili wanaobeba kabati kwenye ngazi, mmoja akigeuka mwingine anajua. Yeye mkono, mimi ulimi. Nadhani nilimpenda katika mojawapo ya zile dakika zilizorukwa, ingawa sikuweza kusema ni ipi.

Bibi ndiye aliyelisikia lile neno kwanza. Alikuwa hajui lugha, lakini alikuwa na sikio.

"Hebu n'ambie. Wakimkimbia mzuka wanapiga kelele 'phi, phi.' Na huyu mganga akimwita mwenzake anamwita 'phi.' Mbona anamwita mwenzake shetani?"

Jumatatu nilimwendea mwanamke wa Kithai tunayefanya naye kazi, anayeshughulikia karatasi za forodha. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima ya kumsalimu kwa heshima. Nikasimama mbele ya meza yake nikamwita "phi", na sauti ikanipanda mwishoni, kama inavyonipanda kila ninapokuwa na wasiwasi.

Alicheka mpaka akashika meza. "Umeniita mzuka," akaniambia kwa Kiingereza chetu cha ofisini. "Mzuka wa forodha!"

Akanifundisha. Ukiishusha sauti, ni kaka au dada mkubwa. Ukiipandisha, ni mzuka. Wadogo zake kazini wangemwita hivyo, kwa kushusha. Na yeye anamwita mumewe hivyo, maana mume amemzidi miaka minne.

"Mumeo unamwita kaka?"

Akanishangaa. "Kwetu, ukimpenda mtu aliyekuzidi umri, utamwitaje tena?"

Siku ile niliingiza makosa mengi kwenye hati za mizigo.

Mpaka hapo nilikuwa namwita mjukuu kwa jina lake, na Bibi alishanikaripia mara mbili kwamba huyo amenizidi, nimwite kaka. Kwa hiyo nilikuwa na kisingizio. Jioni ile nilimkuta anafungua geti.

"Kaka, shikamoo."

Alisimama na ufunguo mkononi. "Leo nimekuwa kaka?"

"Bibi kasema."

"Ah. Bibi kasema."

Tangu hapo nilimwita kaka kila nilipopata nafasi. Kwenye treni asubuhi, kabla sijashuka kubadilisha njia naye aendelee hadi ofisini kwake, Jumeirah Lake Towers. Kwenye meseji. Nikimpa chumvi mezani. Kila mara niliishusha sauti, kama nilivyofundishwa, na kila mara nilijiambia kwamba nimemwambia. Nilikuwa nimelificha tamko langu mahali salama kuliko pote, ndani ya neno ambalo kila mtu anamwita kila mtu. Ilichukua muda kunijia kwamba kitu kilichofichwa vizuri namna hiyo huenda hakikumfikia hata mwenyewe.

Sasa Jumapili yenyewe. Ilikuwa sehemu ya kumi katika kumi na mbili. Askari amechomwa kisu na watu wa yule mwenye kutaka mashamba, mganga anamvuta kwenye tope, anamwita "phi" bila kukoma, wala hapakuwa na haja ya tafsiri, Bibi alikuwa ameshika leso. Na mjukuu, aliyekuwa amekaa kwenye kochi la pembeni na rimoti mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwalimu, hilo neno analomwita kila mara. Hasa maana yake nini?"

Nilitazama zulia.

"Kaka tu," nikasema.

"Kaka tu?"

"Kaka tu."

"Si nilikwambieni?" Bibi akadakia. "Ndugu hao. Baba mmoja, mama mbalimbali. Hata pua zimefanana."

Mjukuu akanyanyuka, akakusanya vikombe akavipeleka jikoni. Vilikuwa bado na kahawa.

Jumapili iliyofuata alisema ana kazi. Iliyofuata tena pia. Asubuhi alianza kuondoka mapema, na meseji zake zikawa fupi mno hata kukatwakatwa hazikuwa na pa kukatwa. Bibi alikataa tuendelee na tamthilia bila yeye. "Tutamsubiri. Muuaji hakimbii," alisema. Mimi nikawa naishi na swali langu. Nililipangia majedwali akilini. Kama aliuliza kuhusu Kithai tu, basi kujitenga kwake kunatokana na kazi, na mimi ni mpumbavu. Kama aliuliza kuhusu sisi, basi nilimkataa mbele ya nyanya yake, mara mbili, na mimi ni mpumbavu mkubwa zaidi. Ningeweza kumuuliza. Nilikuwa natunga swali la kumuuliza, na kila nililotunga lilikuwa na maana mbili.

Kisha Bibi akaniita sebuleni, uso umemchanua.

"Kakubali! Miaka miwili namwambia oa, ananijibu bado, Bibi, bado. Kaja mwenyewe, kakaa hapo ulipokaa wewe, kan'ambia haya, Bibi, nitafutie. Na mimi nilishatafuta zamani!"

"Lini, Bibi? Lini alikubali?"

"Jumanne ile, baada ya askari kuchomwa kisu. Mbona umekuwa mweupe? Hukula?"

Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Siku mbili tu.

Msichana alikuwa Sharjah, wa familia ya asili ya Pemba, watu wazuri. Babu yake alikuwa mtu wa zamani, hataki posa ya simu wala ya meseji. Alitaka barua ya posa, kwa Kiswahili safi, kwa mkono, juu ya karatasi. Mkono wa Bibi ulikuwa unatetemeka, na mjukuu hawezi kuandika hata jina la mtaa.

"Ndiyo nikasema, Mungu hamtupi mja wake. Nina mtu wa digrii uani kwangu."

Ili nipate mfano, alinitolea barua yake mwenyewe, aliyoposewa yeye, imo ndani ya mfuko wa nailoni, mikunjo imeanza kutoboka. Nikaisoma. Wazee walioiandika wote walishakufa. Ilisema kwamba kijana wao ameona taa katika nyumba ile na anaomba kuketi karibu na mwanga wake, na kwamba anakuja kwa radhi ya moyo wake, si kwa kusukumwa.

"Kila marehemu aliponiudhi," Bibi akasema, "nilikuwa naitoa naisoma hapo kwenye radhi ya moyo. Hasira inashuka. Nikamstahamili miaka arubaini na moja."

Nilinunua karatasi nzuri. Sifa za familia ya msichana ziliandikika. Salamu ziliandikika, tena nilizipamba, nilijionea fahari kidogo. Nilipofika kwenye radhi ya moyo kalamu ikasimama. Nilijaribu "kijana wetu ameridhia". Nikajaribu "amependezwa". Nikajaribu kuipitisha sentensi nzima kwa mgongo, "hakuna aliyemlazimisha", na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu nilianza kujiuliza kama si mimi niliyemlazimisha.

Alhamisi niliomba ruhusa ya nusu siku, nikapanda treni hadi Jumeirah Lake Towers, nikamtumia meseji kwamba niko chini. Aliteremka na kitambulisho chake cha ofisi kikining'inia shingoni. Tulitembea kando ya maji, katikati ya ile minara, jua la saa saba likitupiga kutoka juu na kutoka kwenye vioo. Tulipotaka kukaa kwenye benchi, mlinzi, Mganda kwa lafudhi yake, alitukimbilia.

"Kaka! Kaka, hapo hapana, rangi bado mbichi."

"Ahsante, kaka," mjukuu akamjibu. Tukabaki tumesimama.

"Nimekuja kwa ajili ya barua," nikasema.

"Bibi kakusumbua?"

"Kuna sentensi siwezi kuiandika bila kukuuliza. Ile ya radhi."

"Andika yuko radhi."

"Uko radhi?"

"We andika, mwalimu. Maneno tu hayo."

Nilikuwa nimetunga hotuba nzima kwenye treni. Yote ilipotea. "Lile neno la Kithai," nikasema. "Sikukwambia yote. Ni kaka, lakini si kaka tu. Wapenzi huitana hivyo. Mdogo humwita mkubwa. Nililijua tangu zamani, na tangu siku niliyolijua ndipo nilipoanza kukuita wewe."

Alitazama maji.

"Nnajua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ile tamthilia niliimaliza mwezi mzima kabla sijamuwekea Bibi. Peke yangu, kwa simu. Maana ya phi niliijua wewe hujaisikia."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kusikia utasemaje."

"Bibi alikuwa amekaa pale!" Sauti ilinipanda, na mlinzi akageuka. Nikaishusha. "Bibi alikuwa pale, kaka. Ulitaka nisemeje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema. Sikutaka neno jengine. Nilitaka uliseme huku unanitazama." Akakisokota kitambulisho chake kidoleni. "Nikasema labda hakusikia vizuri, nikauliza tena. Ukatazama zulia tena. Nikasema khalas, basi. Huyu kweli ananiita kaka, na mimi nimekaa najitungia mambo."

Swali langu la wiki tatu lilikuwa limejibiwa. Sikuhisi nafuu yoyote.

"Sasa nakutazama," nikasema.

Akanitazama na yeye. Nakumbuka jasho kwenye nyusi zake, na kwamba alikuwa amechoka, kama mtu ambaye na yeye hajalala.

"Sasa nimeshampa Bibi neno langu," akasema. "Kampigia mama, mama kalia. Maskati nzima inajua. Sharjah wameshafua mapazia. Nirudi nikamwambie Bibi nini? Eti kwenye tamthilia kulikuwa na neno?"

"Na msichana?"

"Nitamtunza."

"Sikuuliza hilo."

"Nnajua hukuuliza hilo." Akatazama saa. Kisha akasema jambo ambalo bado linaniuma kuliko yote. "Niandikie, mwalimu. Wallah, kama lazima mtu aiandike, nnataka uwe wewe."

Akarudi ndani, mlango wa kioo ukazunguka, na mimi nikamuona mara mbili, yeye na kivuli chake, kisha hakuna.

Kwenye treni nilikaa kiti cha mwisho. Nilianza kama kawaida. Alisema anataka niwe mimi kwa sababu ananipenda, au ili kunilipizia, au ili angalau sentensi moja katika ile barua iwe na mtu ndani yake? Nikaiona njia yote iliyokuwa mbele yangu, wiki tatu nyingine, mwaka, arusi, mtoto, mimi nikiwa chumba cha uani nachambua. Na katika kuchambua kote kule yeye angekuwa anaamka nyumba ya pili anakwenda kazini. Nilikumbuka kwamba nilikuwa na nafasi ya kunyanyua macho, ikachukua sekunde, ikapita, na kwamba nilikuwa nimeuita woga wangu fikra.

Nikamfikiria pia yule msichana ambaye sikuwahi kumuona. Siku moja angeudhika na mumewe. Angeitoa barua kwenye mfuko wa nailoni, angesoma pale kwenye radhi ya moyo, na hasira ingemshuka, na angestahamili. Ningekuwa nimemfanyia hivyo mimi, kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa mchana nilipata kitanda katika chumba cha watu wanne, karibu na kazini. Jumamosi asubuhi, mjukuu akiwa amekwenda Sharjah na wajomba kuonyeshwa ukumbi, niliingia sebuleni na karatasi zangu. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Tayari? Hebu nisomee."

"Bibi, siiandiki."

"Huiwezi? Na digrii yote ile?"

"Naiweza. Sitaki kuiandika."

Mikono yake ikasimama juu ya mchele. "Umegombana na kaka yako?"

"Hatujagombana."

"Basi?"

Nilimtazama. Niliona ugumu wa kufanya hivyo, shingo ilitaka kuinama yenyewe. "Ile sentensi ya radhi ya moyo, Bibi, siwezi kumtolea mtu ushahidi wa moyo wake. Aiandike mwenyewe."

"Huyo? Huyo hajui kuandika, mwanangu. Atatutia aibu. Ataandika kama kuku kapita."

"Aandike hivyo hivyo. Na akishindwa kuiandika, msimwandikie."

Bibi alinitazama, na sikujua anaona nini, na kwa mara ya kwanza sikukaa kulichunguza. Nikaweka karatasi moja tupu kati ya zile nzuri juu ya meza pamoja na barua yake ya zamani ndani ya mfuko. Nikamwambia pia kwamba nahama, kwamba nahama leo. Akasema, "Alaa." Baadaye kidogo akasema, "Umekula?" Nikamwambia nimekula, ingawa sikuwa nimekula.

Nikambusu mkono. Nikarudi uani, nikatoa begi ambalo nilikuwa nimelifunga tangu alfajiri, nikaacha ufunguo mlangoni, na nikatembea hadi kituoni kabla gari la Sharjah halijarudi.